Mrithi wa Mama Tenga

Kibwana alinichukulia jina la mama yangu mchana kweupe, msibani, nami nikacheka. Ningefanyaje? Ni mtani wetu. Ukoo wake na wetu wanataniana tangu enzi za mababu, na mtani akija msibani kazi yake ni kuwaudhi wafiwa mpaka wacheke. Alijifunga kanga ya marehemu, akajitwika tenga lake, akaigiza mwendo wake wa kushuka mlima na mzigo. "Mama Tenga sasa ni mimi!" akapiga kelele. "Kanga yangu, tenga langu, jina langu! Mnaotaka, komboeni!"

Kanga tukaikomboa. Tenga tukalikomboa. Jina hakuna aliyelikumbuka.

Ndilo jina walilompa mama sokoni Morogoro, kwa zile karoti alizozishusha toka Mgeta miaka nenda rudi, akanisomesha kwazo mpaka nikaijua kompyuta. Alipolala mgonjwa nikamtengenezea gemu: mama mwenye tenga kichwani anateremka mlima, anaruka mito, anakwepa mawe, na karoti zisimwagike. Aliliona kabla hajafa. Alisema yule wa kwenye kioo ananyanyua magoti mno, yeye hajawahi kutembea kama jogoo. Gemu nikaliita Mama Tenga, na watani wote wakajua. Ningeliita nani mwingine?

Huo ulikuwa mwaka 2003, kompyuta za mitumba zimejaa mjini. Kampuni moja ya Dar ikakubali kulisambaza kwenye sidii. Kisha wakanipigia simu.

"Dada Bernadeta, jina lina mwenyewe. Kuna mtu ameomba kulisajili liwe alama yake ya biashara, upande wa magemu. Ukiuza kwa jina hilo anaweza kukushtaki. Badilisha tu."

"Mtu gani?"

"Anaitwa Kibwana. Wa huko huko kwenu."

Nyie! Nikamfuata dukani kwake Mji Mpya, hapo hapo Morogoro, ambako watoto hulipia kucheza magemu ya televisheni.

"Mtani, mbona umevimba?" akacheka. "Si nilitangaza mbele ya watu? Jina mliliacha wenyewe. Hili soko huria bwana, aliyewahi kawahi. Unalitaka, lipia."

"Silipi hata senti! Na jina sibadilishi!"

Nilipe nini? Kulipa kungekuwa kukiri kwamba mama yangu ni bidhaa yake. Niliandika pingamizi nikalipeleka Dar, lakini roho haikutulia. Nikapanda Mgeta kwa mama mkubwa Kristina, dada yake marehemu. Alinisikiliza huku akichambua maharage.

"Kumbe karithi jina?" akauliza.

"Ndivyo anavyosema."

"Basi twende tukamsalimie mdogo wangu."

Kwetu huwezi kurithi jina la marehemu ukaacha mengine. Ukilichukua, wewe ndiye yeye: watoto wake ni wako, shamba lake unalima wewe, wagonjwa wake unauguza wewe. Kibwana, mtoto wa mjini, alikuwa amelisahau hilo.

Jumamosi tuliingia dukani kwake, ukoo mzima wa mama. Mama mkubwa akamkumbatia shingoni. "Mdogo wangu! Kumbe hukufa!" Mimi nikapiga goti: "Shikamoo mama." Wadogo zangu wakamvuta shati wakimdai sare za shule. Mama wadogo wawili wakatandika mkeka katikati ya duka wakauliza leo dada amepika nini. Mjomba akamtwika tenga limejaa kabichi. "Wahi sokoni, dada, jua linapanda!"

Watoto wa gemu wakaacha kucheza. "Mama Tenga! Mama Tenga!" wakaimba. Kibwana jasho likamtoka. Kukasirika hawezi, mtani haruhusiwi. Kulitua lile tenga peke yake hawezi vilevile, na hakuna aliyenyoosha mkono.

"Nitueni jamani, shingo inakatika!"

"Mama alilibeba toka Mgeta," nikamwambia. "Wewe hata mlangoni hujafika."

"Mimi siyo Mama Tenga!" akapaza sauti.

Nikamsogelea.

"Rudia."

"Siyo mimi. Ni mama yako." Sauti ilikuwa imemshuka. "Jumatatu nakwenda Dar, nalifuta ombi langu. Wallahi vile. Nitue, mtani."

"Tutakwenda wote. Ukifuta lako, naandikisha langu palepale."

"Sawa, tutakwenda wote. Nitue."

Nikamtua. Lo, lile tenga lilikuwa zito! Miaka yote hiyo nilikula karoti zake, nikavaa sare zake, na sikuwahi hata siku moja kumpokea mama mzigo. Nililia pale pale mbele ya watoto wa gemu, wala sikuona haya.

Kibwana alikuwa bado anajisugua shingo. "Mjomba," nikasema, "nitwike."