Sauti ya Mwalimu Mizani

Jumatano, saa nne kasoro robo, binti wa mshonaji alisimama mapokezi ya maabara ya kupima maji kwa mara ya tano, barua ya chuo mkononi. Akasalimu. Karani wa mapokezi akaendelea kubandika risiti kwenye jalada. Binti akarudia salamu kwa sauti ya juu zaidi, na karani akainuka kufunga dirisha, akisema kuna upepo.

Binti hakumwekea kinyongo. Sauti za wanafunzi hazikuwa zikisikika humo, wala katika ofisi nyingine tisa alizozunguka mpaka soli ya kiatu ikaachia. Lakini Ijumaa ndiyo ilikuwa mwisho wa kupata mahali pa mafunzo kwa vitendo, na asiyepata angerudia mwaka. Mama yake alikuwa ameshonea watu sare miaka mitatu ili yeye amalize. Alilitamani koti jeupe la maabara.

Akaenda kwa Mwalimu Mizani, mkemia mzee wa chuoni kwao aliyebandikwa jina hilo kwa sababu hata chumvi ya mezani aliipima.

"Barua nzuri, mwanangu," mwalimu alisema, "ila hawa hawasomi. Wananisikiliza mimi. Nusu yao niliwafundisha."

"Basi nipigie simu, mwalimu."

"Mko wengi, nitampigia nani nimwache nani? Wewe nenda na sauti yangu tu."

Akachukua chupa ya sampuli, akakohoa mara mbili, akaitolea humo sauti yake na kuifunga kizibo. Juu yake akaandika tarehe. Binti akainywa, ilikuwa na ladha ya chaki. Sauti ya binti mwenyewe ikatolewa vivyo hivyo, ikawekwa kwenye jokofu la chuo, rafu ya pili, kama utaratibu unavyotaka.

Alhamisi karani aliinuka kabla salamu haijaisha. "Karibu, mwalimu!" alimwambia binti wa miaka ishirini na mmoja, akamvutia kiti. Mkuu wa maabara akampa nafasi, koti na meza. Jioni binti alirudi chuoni kurudisha sauti ya watu, lakini Mwalimu Mizani akatikisa kichwa, akaandika ubaoni: Kaa nayo miezi mitatu. Ukienda na yako hawatajua kama umefika.

Kazi aliipenda kupita kiasi. Wiki ya tatu aligundua kwamba vipimo vya kisima kimoja vilikosewa mwaka mzima, na ripoti ikaandika kwamba Mwalimu Mizani ndiye aliyegundua. Iliuma. Wenzake walipokwenda kula, alibaki akijaribu kukumbuka kicheko chake kilikuwaje.

Wiki ya tano mama yake alipiga simu.

"Haloo, mama," binti akasema.

Upande wa pili cherehani ikasimama. Mama aliitambua sauti aliyoisikia siku ya kumwandikisha mwanawe chuoni.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Naomba nimsikie mwanangu japo kidogo, nimemkumbuka."

"Mama, ni mimi."

Mama akacheka kwa adabu, jinsi mtu anavyocheka mkubwa anapotania. Kisha akarudia shikamoo yake, maana haikuwa imeitikiwa, na angeendeleaje kuzungumza?

Mkuu wa maabara alikuwa amesimama mlangoni na majibu ya vipimo, akisubiri. Binti akaibana simu sikioni, machozi yakimlengalenga.

"Marahaba," akaitikia.