Chumba Alichojengewa Metro

Stefka Boychuk alikata shauri la kutengeneza chumba chini ya nyumba yake siku ile ile kaka yake Metro alipompigia simu kutoka kaskazini na kumwambia kwamba amestaafu mgodini. Metro alikuwa na miaka sitini na sita. Mkewe alikwisha fariki, mtoto hawakujaliwa, na nyumba aliyokuwa akikaa ilikuwa ya kampuni.

"Utakuja kukaa kwangu," Stefka alimwambia.

"Nitakuja majira ya baridi tu. Theluji ikiyeyuka naondoka."

"Wewe njoo kwanza. Theluji ya Winnipeg unaijua, haina haraka ya kwenda popote."

Nyumba ya Stefka ilikuwa na vyumba viwili vya kulala. Kimoja alilala mwenyewe tangu mumewe alipomwachia ujane. Cha pili kilijaa vitambaa, cherehani, na masanamu mawili ya kupimia nguo, kwa maana kwa miaka thelathini alikuwa akiwashonea mabibi harusi wa mtaa ule. Wazo la kukitoa chumba hicho lilimpitia, naye akalikwepa haraka kama mtu anayemkwepa mdai njiani. Chini ya nyumba, ndani ya ardhi, kulikuwa na nafasi ya bure, pana kama nyumba yenyewe, yenye kuta za zege, tanuru la kupasha nyumba joto, na rafu za mitungi ya matango ya siki. Alichukua karatasi ya kukatia nguo, akachora chumba cha kulala, bafu dogo, na sebule ya mtu mmoja. Mistari yake ilinyooka kama mshono.

Metro alifika mwanzoni mwa Septemba na sanduku moja la nguo na matatu ya vifaa vya kazi, na Stefka akamtandikia kochi la sebuleni mpaka chumba kitakapokwisha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakuingoja ya tatu. Kesho yake asubuhi alikuwa ameiweka ile karatasi juu ya meza ya jikoni, penseli sikioni.

"Dada, mchoro wako ni mzuri. Ila umenipa dirisha la paka."

"Ndilo lililopo."

"Nataka kubwa. Mtu mzima aweze kutoka bila kusaidiwa."

"Metro, huo ni ukuta wa zege. Utakatwa kwa msumeno."

"Basi ukatwe. Na liwe upande wa kusini, jua liingie."

Hata sheria za mji zilidai dirisha la namna hiyo kwa chumba cha kulala, kwa hiyo Stefka hakubishana. Wakaja watu na msumeno wao, wakaukata ukuta siku nzima, vumbi likapanda mpaka kwenye mkate. Baada ya hapo kazi ikawa ya Metro na jirani yao Rodel Macaraeg, fundi umeme aliyezaliwa Manila, ambaye aliikuta Winnipeg ina baridi ya kumwua ng'ombe na akaamua kuipenda hivyo hivyo.

Walisimamisha fremu za mbao, wakashindilia pamba ya kuzuia baridi, wakabandika jipsamu na kuipaka lipu. Metro hakukubali kona iliyopinda hata kwa unene wa ukucha. Kila baada ya nusu saa alipanda ngazi, akasimama uani bila koti, kisha akarudi. Stefka alidhani anavuta sigara kwa kificho.

"Mwambie kaka yako apumzike," Rodel alimwambia siku moja, akinywa supu ya bitiruti jikoni. "Mimi nikifunga mlango wa kule chini, yeye anaufungua. Nikifunga, anafungua. Nimemwuliza kama ameuoa upepo."

"Akasemaje?"

"Akaniambia nishike waya wangu."

Wote wawili wakacheka, na maneno yakaishia hapo.

Mkaguzi wa mji alikuja mwishoni mwa Novemba. Alipima dirisha, akajaribu taa, akagonga kuta, kisha akamwuliza Metro kama anachukua kazi za watu. Stefka aliringa siku mbili nzima. Alitandika kitanda kipya, akakunja shuka pembeni kama alivyofundishwa na mama yao, akaweka na mto wenye foronya iliyotiwa wanga. Jioni ya kuhamia walikula pirohi, viandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani, na Metro akashuka na kumtakia usiku mwema.

Asubuhi ya nne Stefka alishuka kufua. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa vile vile alivyokitandika, mto una mkunjo wake wa pasi, shuka haina hata alama ya kiwiko. Alisimama pale na kapu la nguo kiunoni, akakumbuka kwamba siku zote tatu alipoamka alimkuta Metro sebuleni juu, amekaa kwenye kochi, amevaa kikamilifu, blanketi limekunjwa kando. Kila mara alisema ameamka mapema.

Hakufua. Alipanda, akamiminia vikombe viwili kahawa, akaketi mbele yake.

"Kitanda kina ubaya gani?"

"Hakina."

"Mgongo?"

"Mgongo mzima."

"Metro, mimi ni dada yako. Usinifiche kama mpangaji."

Metro alikizungusha kikombe chake mezani. Kisha akamwambia, bila kupandisha sauti, habari ya miaka thelathini na miwili iliyopita. Mwamba uliporomoka mgodini nyuma yao, yeye na mwenzake Gilles, wakakaa humo saa kumi na tisa. Taa ya Gilles ilizimika kwanza, yake ikafuata. Walitolewa wazima, na baada ya wiki akarudi kazini, kwa sababu kazi ilikuwa hiyo hiyo.

"Mchana naweza," alisema. "Nikiwa na nyundo mkononi naweza hata kwa saa kumi. Nikilala tu, nikafumba macho, dari inashuka."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa umefurahi sana na mchoro wako."

Stefka alihisi uso ukimwaka. Mtu aliyeishi chini ya ardhi miaka thelathini na minane, yeye amemkaribisha kwa kumpa shimo jingine, tena amempa alijenge mwenyewe. Na juu kulikuwa na chumba chenye madirisha mawili, kinalala masanamu.

"Sikukuuliza," alisema. "Nilijua ukija utakihitaji chumba changu cha kushonea, nikaona nikuwahi. Hiyo ndiyo kweli, na si nzuri."

"Na mimi sikusema. Tumetoka sare."

"Hatujatoka sare. Inuka."

"Niende wapi?"

"Ubebe cherehani. Mimi goti langu halifai."

Metro alikataa. Akasema kochi linamtosha, akasema theluji itayeyuka. Stefka alikwenda akalikumbatia sanamu moja na kuanza kushuka nalo ngazi, goti likilia. Kaka yake akaona atavunjika shingo, akaja kumpokea.

Kazi ilichukua siku mbili. Rodel alikuja kuongeza soketi na taa kule chini, akatazama majora ya hariri yaliyopangwa kwenye kabati la nguo za Metro.

"Kwa hiyo miezi mitatu yote tulikuwa tunamjengea bibi harusi?"

"Shika waya wako," Stefka alimwambia.

Usiku wa kwanza Metro alilala juu, pazia wazi, na asubuhi Stefka alimsikia akikoroma mpaka saa tatu. Alikoroma kama baba yao, kwa kupiga mluzi mwishoni. Stefka alipika uji wa shayiri, akala peke yake bila kumwamsha, kisha akashuka.

Kulikuwa na gauni la msichana mmoja wa mtaa wa pili, harusi ya Februari, limechelewa kwa ajili ya mahangaiko yote haya. Jua lilikuwa limeingia kwa lile dirisha kubwa na kulala juu ya zulia jipya. Stefka alisogeza cherehani hatua mbili kulielekea, akatunga uzi sindanoni kwa jaribio moja tu, bila kuvaa miwani, akaanza na pindo.