Saa Tano ya Bamvua

Kila Jumatano baada ya swala ya isha, Bi Mbodze alikuwa akinyunyiza maji mbele ya mlango ili vumbi litulie, akatandika mkeka sebuleni, akaweka birika la chai ya tangawizi na sahani ya viazi vya karai. Hapo ndipo alipowasha tivii. Kipindi kilikuwa tamthilia ya upelelezi, na shujaa wake alikuwa Inspekta mmoja aliyevaa koti la ngozi katika joto lote hili la Pwani, akiwafuata wauaji toka Likoni mpaka Lunga Lunga bila kutoka jasho.

Wengine walitazama ili wajue nani ameua. Bi Mbodze alitazama makosa. Macho yake yalikuwa ya mwanamke aliyechambua mchele miaka mingi, na chuya haikumpita. Inspekta aliingia nyumbani kwa mjane na viatu vya kahawia, akatoka na vyeusi. Kikombe kilikuwa kimejaa, mara kitupu, mara kimejaa tena na hakuna aliyekigusa. Maiti alikuwa akipumua. Bi Mbodze aliyataja makosa hayo polepole, bila kicheko, na waliokaa mkekani ndio waliocheka.

Waliokaa mkekani walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Mumbe, jirani yake, Mkamba ambaye wazazi wake walikuja zamani kulima shamba la makazi, naye akazaliwa huku huku. Wa pili alikuwa Sajini Tembo wa kituo cha polisi, aliyepanga chumba nyumba ya tatu na asiyekuwa na tivii. Sajini alikuwa mtu wa adabu. Alibisha hodi, akaamkia shikamoo, akavua viatu, na hakuchukua kiazi cha pili mpaka akaribishwe.

Mambo yalianza Inspekta alipohamishiwa Msambweni, hapa hapa kwao. Siku hiyo gari la polisi lilionekana likivuka daraja kwenye njia ya Milalani. Bi Mbodze alisema wamekosea, njia ya Milalani haina daraja, wala haina mto wa kuvukwa. Asubuhi yake daraja lilikuwepo. Lilikuwa la saruji, lina vyuma vya kushikilia pande zote mbili, limepita juu ya mchanga mkavu. Watu wa bodaboda walilipanda na kulishuka, mbuzi wakalala chini yake jua lilipokuwa kali. Mheshimiwa mmoja akaja kukata utepe, akaeleza kwa urefu jinsi kazi ya kulijenga ilivyokuwa ngumu.

Mumbe aliliwaza jambo hilo huku akikoroga uji wake wa kuuza, na Jumatano akawaambia fikira yake.

"Kupiga picha upya ni gharama," alisema. "Kosa likitajwa, Msambweni ni rahisi zaidi kurekebisha."

Sajini Tembo alisema huenda ikawa hivyo.

Baada ya hapo tamthilia ikaonyesha ua wa mama mmoja, na ua ule ulifanana na wa Mumbe kwa kila kitu, hata ndoo ya bluu iliyopasuka mdomo. Palikuwa na mbuzi mmoja amefungwa. Bi Mbodze, kwa mazoea, akasema kwamba mbuzi wa Mumbe ni wawili. Kulipopambazuka, mbuzi mweupe hakuwepo. Kamba ilikuwa palepale, kitanzi kimefungwa vilevile, hakikulegezwa. Mumbe hakupiga kelele za mwizi. Aliifungua ile kamba, akaenda kufungia mzigo wa kuni.

"Bi Mbodze, mimi nakuheshimu kama mama," alimwambia Jumatano iliyofuata. "Lakini ukiniona tena kwa hiyo tivii, tafadhali usinihesabu."

Tangu siku hiyo Bi Mbodze akaweka sheria nyumbani mwake: kosa litaonwa kwa macho, na litamezwa na chai. Mdomo huponza kichwa, na safari hii ulikuwa umeponza mbuzi wa watu. Wakatazama hivyo, kimya, kila mmoja akijua mwenzake ameona nini.

Na Bi Mbodze alikuwa na sababu nyingine ya kuuogopa mdomo wake.

Mwanawe Nassir alikufa mwaka uliotangulia. Tajiri mmoja alikuwa amejenga ukuta ukaziba njia ya wenyeji ya kushukia pwani, njia waliyopita bibi zao, na Nassir akawa mbele ya vijana waliokataa. Asubuhi moja alionekana, amevaa fulana yake ya kijani, akipandishwa gari karibu na ule ukuta. Kabla ya adhuhuri alikuwa amelazwa mchangani, amekufa. Aliyeandika taarifa alikuwa Sajini Tembo. Aliandika kwamba kijana alikwenda kuogelea saa tano asubuhi, akafa maji.

Watu walimuuliza Bi Mbodze vipi anamkaribisha mtu yule chai. Aliwajibu kwamba mgeni hafukuzwi. Hakuwaambia jibu lake la pili, kwamba mtu kama yule ni afadhali akae pale unapomwona mikono.

Sasa kesi ilikuwa imefika. Hakimu angechunguza kifo kile mjini Kwale, na wakili wa Bi Mbodze alikuwa msichana wa Ukunda aitwaye Hanifa, mwembamba, mwenye haraka, aliyekula akiwa amesimama. Hanifa alimweleza ukweli ulivyo. Waliomwona Nassir akipandishwa gari walikuwa wamesahau, mmoja mmoja, na wengine walikuwa wamehamia Vanga. Lakini siku ile ilikuwa bamvua, maji makubwa ya mwezi mchanga, mwezi umeandama juzi yake. Na saa tano ya bamvua, mtoto yeyote wa pwani hii anajua, bahari inakuwa imekupwa mpaka kule miambani. Wanawake huwa wako mbali huko na vijiti vyao wakitafuta pweza, maji yakiwafika kwenye vifundo vya miguu. Hapo hafi maji hata kifaranga.

"Mama, shahidi wa kusimama hatuna," Hanifa alimwambia. "Bahari tunayo. Bahari haihongwi wala haitishwi."

Bi Mbodze akalishika neno hilo. Alilala nalo na kuamka nalo. Alikuwa hataki fidia, wala hakuwa na haja ya kuona mtu akifungwa. Alitaka hakimu aseme kwa kinywa chake kwamba Nassir hakufa maji, basi.

Jumatano iliyotangulia kesi, Inspekta aliitwa ufukweni. Kijana alikuwa amelala mchangani, amevaa fulana ya kijani, na hakuna aliyeuliza fulana ile ni ya nani. Mumbe aliiangusha mikono yake mapajani. Inspekta akatazama saa, akasema ni saa tano za asubuhi, akasema leo ni bamvua. Na nyuma yake bahari ilikuwa imejaa. Ilikuwa imefika kwenye minazi, nzito, ya kijivu, mawimbi yakipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

Bi Mbodze aliliona kosa lile kama mtu anavyoona nyoka kizingitini. Alimtazama Mumbe, na Mumbe akatikisa kichwa kidogo. Wote wawili wakainua vikombe vyao wakanywa. Chai ilikuwa ya moto, ikawaunguza, na wakaimeza.

Sajini Tembo hakunywa. Alikiweka kikombe chake juu ya mkeka, akakizungusha mpaka kishikio chake kikamwelekea, akajipangusa midomo kwa leso.

"Hapo wamekosea," alisema. "Siku ile saa tano maji yalikuwa yamekupwa. Ufuko mzima ulikuwa mkavu. Yule kijana hakufa maji."

Aliyasema kwa utulivu, kila neno mahali pake, kama shahidi aliyeapishwa. Bi Mbodze alikuwa amelingoja neno lile mwaka mzima. Alikuwa ameliombea dua, ameamka usiku akaliombea tena. Sasa lilikuwa limesemwa nyumbani mwake, mbele ya tivii, na mtu aliyelijua kuliko wote, na hakukuwa na njia ya kulirudisha kinywani mwake.

Sajini alimaliza kiazi chake, akashukuru, akavaa viatu.

"Lala salama, mama," alisema.

"Na wewe, mwanangu," Bi Mbodze akamjibu, kwa kuwa ndivyo mtu anavyojibiwa.

Asubuhi wanawake waliteremka na vijiti vyao na vikapu, kwani bamvua lilikuwa limeingia. Walipita kwenye kichochoro chembamba walichoachiwa kando ya ukuta. Walikuta bahari imejaa. Walisimama mchangani, kanga zimekunjwa juu tayari, wakaitazama. Mmoja alisema labda wamekosea siku. Mwingine alihesabu mwezi kwa vidole, akasema siku hawakukosea. Wakakaa kitako wakasubiri, na maji yalipoanza kutoka jua lilikuwa limeshapinda. Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya tatu hawakusubiri tena. Walipika kwanza, wakateremka alasiri, na ikawa ndiyo desturi. Wavuvi nao walibadilisha saa zao. Samaki ndio waliochelewa kuzoea, na kwa muda bei ilipanda.

Hakimu alikuja mwenyewe kuuona ufuko, kama Hanifa alivyoomba. Ilikuwa bado bamvua, na ilikuwa saa tano. Askari mmoja mrefu aliambiwa aingie, akaingia na sare zake. Alipofika mahali Nassir alipookotwa, maji yalimpita kifua. Hanifa alisema bahari haikuwa hivi. Akasema tena. Hakimu, ambaye alikuwa mtu mwema, alimwuliza mzee mmoja wa pale maji yakoje saa tano ya bamvua. Mzee aliitazama bahari, akamtazama Sajini Tembo aliyesimama kivulini, akasema yako kama mheshimiwa anavyoyaona. Wala hakusema uongo.

Ikaandikwa kwamba Nassir alikufa maji.

Hanifa alimrudisha Bi Mbodze nyumbani. Njiani wakili alilia, na Bi Mbodze akamshika mkono akamwambia mwanangu, nyamaza, utaugua. Walipofika alimwekea wali na mchuzi wa papa, akamsimamia mpaka msichana akaketi chini akala kama watu. Kisha alikwenda kuteka maji.

Jumatano alinyunyiza mbele ya mlango, akatandika mkeka. Mumbe alikuja mapema, akamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini asiiuze hiyo tivii, au aitupe kisimani. Bi Mbodze alisema tivii haina kosa. Sajini Tembo akabisha hodi, akakaribishwa.

Tamthilia ilikuwa ukingoni. Inspekta alikuwa ofisini, amekalia meza, anazungumza na msaidizi wake habari za yule kijana wa fulana ya kijani. Msaidizi aliuliza maiti apewe nani. Inspekta akavua koti lake la ngozi, mara ya kwanza tangu tamthilia ianze, akalitundika kwenye kiti. Akasema kijana hana mtu. Hana baba, na mama hakuwahi kuonekana. Azikwe pamoja na wasio na wenyewe, akasema, ndivyo sheria inavyotaka.

Mumbe aliinamisha uso. Nje, mtu alipita akiburuta ndala. Sajini Tembo alikiweka kikombe chini, akakizungusha, akatoa leso.

"Hapo," akaanza.

"Wewe usilitaje," alisema Bi Mbodze. "Hilo ni langu."

Sajini alifunga mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza mwanamke yule kumkatiza mtu mgeni nyumbani mwake. Bi Mbodze alijiweka sawa mkekani, akaivuta kanga yake mabegani. Hakumtazama sajini. Aliitazama tivii, ambapo Inspekta alikuwa amenyamaza akiangalia upande wao.

"Hapo mmekosea," alisema. "Nassir alikuwa na mama. Nilimzaa mimi, Mbodze binti Boga, hapa hapa Msambweni, mvua ikinyesha. Na hakufa maji."

Kipindi kikaendelea mpaka yakaja matangazo ya sabuni. Bi Mbodze akamimina chai iliyobaki, akawagawia sawasawa, na wakainywa mpaka ikaisha.

Kulipopambazuka Mumbe alikuja na kikombe cha uji. Nyumba ilikuwa imefagiwa, mtungi umejaa, mlango uko wazi. Mbele ya mlango mchanga ulikuwa bado na unyevu wa maji ya jana, na hapakuwa na unyayo wa mtu aliyetoka ila wa Mumbe mwenyewe na wa sajini. Mumbe aliita mara moja, kwa adabu. Kisha akaketi kizingitini akaunywa ule uji mwenyewe, taratibu, kwani kuumwaga ni dhambi. Majirani walipopita waliona yuko peke yake, wakaelewa, wakampa pole kwa mbali. Hanifa alipokuja kutoka Ukunda na karatasi za kukata rufaa, aliambiwa rufaa sasa haina mwenyewe. Alikaa ndani ya gari kwa muda mrefu kabla ya kuliwasha.

Jumatano, baada ya isha, Mumbe alivuka akaja kunyunyiza maji, akatandika mkeka, akaweka birika. Hakujua kwa nini alifanya hivyo, ila aliona pakiachwa vivi hivi pataingia mchwa. Sajini Tembo akabisha hodi, akavua viatu, akaketi mahali pake. Katikati yao mkeka ulikuwa wazi.

Inspekta alikuwa akieleza jinsi kesi ya yule kijana ilivyokwisha. Alieleza yote, tangu ukuta mpaka ufukweni, na katika maelezo yale hapakuwa na neno moja lililokaa sawa. Mumbe aliyaona makosa yote, moja baada ya jingine.

Akamuuliza sajini kama sukari imetosha.