Nafasi Nyuma ya Kiti cha Dereva

"Futi yako irudishe mfukoni, jirani. Mume wangu si kitambaa."

Nilikuwa nimeuziba mlango kwa mwili wangu wote, na Mungu hakuninyima mwili. Jirani wa ghorofa ya juu, tuliyempachika jina Mvunja Mabehewa, alisimama ngazini kwa adabu za mkwe.

"Shemeji, nataka kumpima miguu tu. Na anieleze alivyotoka kwenye kiti."

"Alivyotoka. Mnasikia?" Niliwageukia majirani wenzangu waliojifanya wanaanua nguo koridoni. "Keshaanza huyu."

Treni aliyoiendesha mume wangu ilikuwa imelivaa behewa la mizigo lililosahaulika relini. Kichwa cha treni kilikunjika kama kopo. Yeye akatoka na mkono uliovunjika, basi. Badala ya pole tukaletewa maneno: eti alikimbia kabla ya kufunga breki. Kamati ya uchunguzi ikiyameza hayo, kazi imekwisha, na nyumba ya shirika la reli tunahama.

Na huyu alikuwa mtu wa shirika. Kazi yake karakanani ilikuwa kugongesha mabehewa na vichwa vikuukuu vya treni kwenye ukuta wa zege, ndani kajaza wanasesere wakubwa kama watu, ajue abiria na dereva huumia wapi. Siku moja alimpandisha mmoja ngazini kwa kumkumbatia. Msusi wetu akaapa ni mke. Halafu maswali yake: ukiwa kwenye treni unakaaje, mzigo unauweka wapi? Muuza soda wa karakanani alikuwa ameninong'oneza kwamba amemwona akicheka na mwenyekiti wa kamati. Nikajumlisha mwenyewe: katumwa.

"Mwache aingie," mume wangu alisema kutoka ndani.

Tangu ajali alikuwa hajaigusa habari ile, hata kwangu. Sasa aliiongea akiitazama sakafu.

"Nilifunga breki mpaka mwisho. Nikaona haisimami. Nikajitupa nyuma ya kiti."

"Kuna nafasi pale?"

"Ya mbuzi. Tena mbuzi asiye na pembe."

Mvunja Mabehewa hakucheka. Alichuchumaa, akampima goti, paja, mgongo, taratibu kama anayegusa kidonda. "Mwanasesere wangu namkalisha kitini," alisema, "na kila tukigonga, meza ya dereva inamkata miguu. Wewe umetoka na yako. Nataka vichwa vipya vijengwe na nafasi hiyo, iwe ya mtu."

Maneno matamu. Nami nimekulia sokoni, utamu huwa nauonja mara mbili.

"Na kamati?"

"Mkono wa breki umepinda ukiwa umefungwa mpaka mwisho, shemeji. Chuma chenyewe kinaonyesha. Hakukimbia."

"Umeshawaambia?"

Akaikunja futi polepole mno. "Bado. Wananisikiliza kesho."

Mume wangu alistaafu akiwa dereva, kwa hiyo mnajua kilichosemwa kesho yake. Lakini jioni ile mimi nilikuwa na lile "bado" tu, na mtu aliyekwisha kuushika mlango. Huko ngazini angekutana na nani? Angenong'onezwa nini?

Nikavuta kiti cha nne mezani, kile kinachotazamana na changu.

"Unakwenda wapi, jirani? Nawa mikono, chakula kinapoa."