Yuka ya Bi Eufemia

Wendell Kivela alizikwa Februari, na mkewe Marlys hakwenda kuutafuta ule mti mpaka Septemba. Wendell alikuwa amesikia habari zake kwa dereva mmoja wa lori la magogo: yuka, ule mmea wa jangwani wa majani makali kama visu, lakini hii yenye shina, ndefu kumpita mtu, imesimama juu kwenye bonde la Wishkah, huku pwani, mahali ambapo mvua ikianza Oktoba haishiki breki hadi Juni. Wenzake wanaopanda yuka walimcheka. Baridi yenyewe si neno, kwa maana yuka za nyanda za jangwani huvumilia theluji na barafu. Kinachoziua pwani hii ni maji yanayotuama kwenye moyo wa majani wakati wa baridi, na udongo usiokauka.

Wendell alipoteza nyingi. Alizipanda juu ya matuta ya changarawe, akazifunika kwa madirisha ya zamani, na asubuhi ya mwisho ya maisha yake alitoka kwenye dhoruba kwenda kurudishia vifuniko vilivyong'olewa na upepo. Marlys alimkuta ameketi, ameegemea changarawe, koti lake la manjano linachuruzika maji. Moyo ulikuwa umesimama.

Tangu hapo hakufunika hata mmea mmoja. Aliziacha zioze, akizitazama kwa dirisha la jikoni kama mtu anayelipa kisasi. Lakini ile ambayo Wendell hakuwahi kuiona haikumtoka akilini.

Akamwomba Duane, rafiki wa Wendell tangu utotoni, ampeleke kwa lori lake. Walizungukazunguka njia za wakata miti hadi Duane akaanza kulalamikia mgongo. Mwishowe, nyuma ya mierezi, wakaona paa la bati, na chini ya upenu mpana ajabu, kwenye ukuta unaotazama kusini, ule mti. Shina lilikuwa limevaa majani makavu kama sketi, na juu yake kichwa cha majani membamba ya kijivu-buluu, mfano wa nywele za mtu aliyeshtuka. Duane akavua kofia.

Mwenye nyumba alitoka amejifunga shali. Aliitwa Eufemia Tafoya, mjane, aliyeletwa kutoka jangwa la New Mexico akiwa bi harusi, na mbegu za kwao zikiwa mfukoni. Aliwaeleza kwamba marehemu mumewe alikuwa akirefusha upenu kila mti ulipozidi kurefuka, ili tone la mvua lisiguse kichwa chake. Kwao, akasema, mizizi ya mti huo ndiyo iliyokuwa sabuni ya nywele. Kisha akamwuliza Marlys jina, na aliposikia Kivela akaitikia kwa kichwa kama aliyepata jibu.

"Basi wewe ndiye mkewe. Huja Jumapili, yule wa koti la manjano lililoandikwa Kivela kifuani. Anashika jani, analisugua kwa kidole gumba, halafu ananusa kidole."

Duane akasema taratibu, "Bibi, huyo mtu amefariki."

"Najua," akasema Bi Eufemia. "Ndiyo maana simkaribishi kahawa."

Njiani kurudi Marlys alifoka. Alimshuku Duane kwamba alishafika huko akapiga soga. Duane akaapa hajawahi kukanyaga bonde lile. Na ile ya kunusa kidole, akaongeza, yeye mwenyewe hakuwa akiijua. Ilikuwa kweli: Wendell aliifanya akidhani haonekani, na Marlys peke yake ndiye aliyekuwa akimwona kupitia dirisha la jikoni.

Jumapili alirudi peke yake, na mkate mtamu wa iliki aliouoka mwenyewe. Wakaketi barazani. Mvua ya kwanza ya msimu, iliyowahi mwaka huo, ilikuwa imeshaanza kupiga bati. Bi Eufemia alikuwa akisimulia habari za binti yake, mara akakatiza na kuvuta miguu yake, kama anayempisha mtu.

"Amefika."

Marlys alikodoa macho. Aliona ukuta, aliona mti. Jani moja lilipinda chini polepole, kisha likaachiwa. Ungeweza kusema ni upepo.

"Ananiona?" akauliza.

Bi Eufemia alilifuata lile jani kwa macho kabla ya kujibu. "Anautazama mti, mwanangu. Kwako hajageuka."

Jibu hilo lilimchoma kuliko jeneza lilivyomchoma. Hata hivyo alirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, akikaa pembeni ya mume asiyemwona, kama alivyokaa miaka mingi.

Novemba Bi Eufemia alianguka akavunjika nyonga. Binti yake akaja kumchukua arudi naye New Mexico, na nyumba ikauzwa kwa watu waliotaka kiwanja tu. Kitandani hospitalini alimshika Marlys mkono. "Uchukue mti. Ukibaki pale, atakuwa anasimama kwenye matope."

Marlys na Duane walichimba siku nzima. Mizizi ilikuwa imeingia chini ya msingi wa nyumba, ikakatika yote, ikabidi wapunguze shina mpaka walipofikia sehemu nzima. Yuka iliyokatwa hivyo ni bahati nasibu. Nyingi hufa zimesimama. Kuipanda nje kwenye tope la baridi kungekuwa kuiua. Basi Marlys akapaka unga wa salfa kwenye kidonda kisioze, wakaiegemeza sebuleni karibu na jiko la kuni, nyuma ya kiti cha Wendell.

"Shemeji, umemrudisha nyumbani kweli," Duane akatania, kisha akajuta.

Majira yale ya baridi nyumba ilikuwa na harufu ya koti lililolowa. Asubuhi nyingine alikuta maji sakafuni pale ambapo paa halivuji, akayapangusa, akaendelea na shughuli zake. Hofu hakuwa nayo. Alikuwa na hasira, na mchana mmoja wa Jumapili, akichochea moto, ikamtoka.

"Nilikuita ndani mara mbili, Wendell. Ulinisikia. Ukaenda kwenye miti yako."

Majani makavu ya shina yakachakarika, ya upande mmoja tu, upande ulioelekea kwake. Hakuna dirisha lililokuwa wazi. Marlys alisimama na chuma cha kuchochea moto mkononi, akihisi anatazamwa, sawasawa, usoni, kwa muda mrefu. Baadaye akaketi sakafuni akalia, mara ya kwanza tangu maziko.

Siku zilipoanza kurefuka aliinamisha shina akaona vipele vyeupe vya mizizi vikitoka kwenye kovu. Mwezi Mei Duane alirefusha upenu wa upande wa kusini, wakaupanda mti hapo kwenye changarawe, karibu kabisa na ukuta.

Bi Eufemia hupiga simu kutoka New Mexico, na kila mara huuliza kama Wendell bado anakuja. Marlys humjibu kwamba hajui, naye husema kweli. Jumapili mchana huwa hapiti upande ule wa nyumba. Hukaa jikoni na kahawa yake, pazia limefungwa, akisikiliza mvua, na hatoki mpaka anapoona amemwachia muda wa kutosha na mti wake.