Silinda ya Bastola ya Mzee Ostermann

Kufika adhuhuri, kwenye maonyesho ya silaha za zamani, babu yangu Alvin alikuwa ameshagombana na wathamini watatu. Wa kwanza alimwambia bastola yake ni ya kawaida sana. Babu akamwambia macho yake ndiyo ya kawaida. Wa pili alitaka kuinunua bila hata kuvua miwani ya jua. Wa tatu aliigeuza mara moja tu, akauliza, "Mzee, hii umeisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba?" Babu akanivuta mkono, tukaondoka kama watu waliotukaniwa mama.

"Lakini si uliisugua kweli, Babu," nilimwambia.

"Niliisafisha. Kusafisha na kusugua ni vitu viwili."

Nilikuwa nimeendesha gari tangu alfajiri kutoka Dunlow, yeye kando yangu na kisanduku magotini, akinieleza habari ninayoijua kuliko jina langu. Baba yake, Mzee Konrad Ostermann, alikuwa mkuu wa polisi wa mji wetu tangu mwaka 1926 hadi 1936. Bastola ile ya kampuni ya Smith, yenye silinda ya matundu sita ya risasi, alitembea nayo kiunoni miaka yote hiyo. Alipoacha kazi akafungua duka la mbegu, na baadaye akanunua ya pili, sura ileile, kwa ajili ya mbweha waliosumbua kuku wake. Alipozeeka aliwaita wanawe wawili, Alvin na Leland, akampa kila mmoja moja. Ipi ni ipi, hakusema. Mimi naamini alisahau. Babu anaamini haikuwa na haja ya kusemwa, kwa kuwa ni yeye aliyebaki Dunlow kumwogesha mzee na kumlisha, wakati Leland yuko mjini Wichita anaunda ndege.

Basi kila Sikukuu ya Shukrani, batamzinga hajakatwa, vita vimeanza. Bibi yangu alikuwa akihesabu visu kabla ya kukaa mezani, na hakuwa anatania.

Safari hii mambo yalizidi kwa sababu mji wa Dunlow unatimiza miaka mia na hamsini. Maktaba imeweka kabati la vioo, na kamati imesema itaweka ndani bastola ya Mzee Konrad, ila ndugu hao wawili walete kwanza neno la mtaalamu kwamba ndiyo yenyewe. Babu hakuwa anataka dola za mtu. Alitaka kadi ndani ya kioo iandikwe kwamba bastola imetoka kwa Alvin. Akikosa hiyo, ataona kwamba kwa miaka yote aliyomwogesha baba yake alilipwa bastola ya mbweha.

Ndipo tukafika kwenye meza ya Bibi Bernadine Schaffer, mwisho kabisa wa ukumbi, upande ambao wakati wa maonyesho ya mifugo hufungwa nguruwe. Mama mnene, shati la mistari, lenzi ndogo imening'inia kifuani, chupa ya chai ubavuni. Hakusalimia sana.

"Iko tupu?"

"Iko tupu," alisema babu. "Askari wa mlangoni ameitazama."

"Nami naitazama." Aliikata kamba ya plastiki ambayo askari yule aliifungia bastola isipige, akafungua silinda, akachungulia tundu moja moja. Kisha akaipindua, akasoma nambari chini ya mpini, akasoma iliyo chini ya mtutu, akasoma iliyo nyuma ya silinda. Akaweka lenzi chini. Akaichukua tena.

"Nani aliyeing'arisha hivi?"

Babu alinitazama mimi.

"Usinitazame mimi," nilisema. "Mimi sikuwa na kitambaa."

"Rangi ya kiwanda imekwenda yote ubavu huu," alisema Bibi Bernadine. "Umeondoa theluthi ya thamani yake kwa mkono wako mwenyewe, mzee. Watu wanadhani bastola ni kijiko cha harusi. Haya, hiyo ndiyo habari njema."

"Hiyo ndiyo njema?" nilisema.

"Mbaya ni hii. Nambari ya mpini na ya mtutu zinalingana. Laki sita na themanini elfu na kitu. Hiyo imetoka kiwandani mwaka 1938, unaweza kukosea mwaka mmoja, si zaidi."

Babu alishika ukingo wa meza. Mwaka 1938 baba yake alikuwa anauza mbegu za mtama.

"Sijamaliza," alisema yule mama. "Silinda si yake. Silinda ina laki nne tisini na tatu elfu na ushee. Hii ni ya mwaka 1926. Mwili ni wa bastola moja, silinda ya nyingine."

"Haiwezekani," alisema babu. "Haijawahi kufika kwa fundi."

"Ilivyo hivi, mtu atakupa dola mia mbili, na ataona amekuhurumia. Sasa niambie kitu kimoja. Mlikuwa mnazisafishia wapi?"

"Mezani. Jikoni. Kila Jumamosi baba alitupa tuzisafishe, mimi na ndugu yangu. Tunazifungua, silinda tunaziloweka kwenye bakuli la mafuta ya taa."

"Mabakuli mangapi?"

Babu aliitazama tena ile silinda. "Moja," alisema.

Bibi Bernadine alijimiminia chai. "Bakuli moja, silinda mbili, watoto wawili wanaowahi kwenda kucheza. Asubuhi hii nimeshaona nyingine kama hii, imekosewa kinyume chake. Mwili wa 1926, silinda ya 1938. Mwenyewe yule pale, anakula."

Tuligeuka. Kwenye benchi la wauza vyakula, Leland Ostermann alikuwa akimalizia mkate wa kabichi na nyama, mafuta yamemfika kidevuni, kisanduku kama chetu kiko pajani. Alikuwa ametuona zamani. Alijifuta taratibu, akaja.

"Alvin."

"Leland. Umekuja kununua kofia?"

"Nimekuja kwa lilelile lililokuleta. Ila mimi sikuisugua yangu ikawa kama sufuria."

"Niliisafisha."

"Wazee," alisema Bibi Bernadine, "kazi ni ndogo. Skrubu moja kila bastola. Silinda ya huyu iende kwa yule, na ya yule ije kwa huyu. Ile ya 1926 ikiwa nzima, na habari za mkuu wa polisi ziko kwenye magazeti ya zamani ya mji, ni dola elfu moja na mia nne bila kubishana. Na hii nyingine itakuwa bastola nzima, si takataka iliyochanganywa. Wote mnapata."

Nilidhani tumemaliza. Nilianza hata kutafuta funguo za gari.

"Nani alizichanganya?" aliuliza babu.

"Wewe," alisema Leland. "Mimi siku zote niliweka yangu upande wa dirisha."

"Upande wa dirisha nilikaa mimi."

"Wewe ulikaa upande wa jiko, ulikuwa unaogopa baridi."

"Nani alikuwa anaogopa baridi? Nani alilia ziwani maji yalipomgusa?"

Walikuwa na umri wa miaka sabini na kitu wote wawili. Watu wa meza ya jirani waliacha kuuza. Bibi Bernadine alinitazama, nami nikamwonyesha viganja vyangu vitupu: mtu hachagui babu.

"Babu," nilisema, "bakuli lilikuwa moja. Nyote mlitia mkono. Je, tunaweza kwenda nyumbani?"

Kisha Leland akafungua kisanduku chake, akaweka bastola mezani karibu na ya babu. Kuukuu, nyeusi, mpini umeliwa upande mmoja, pale kiganja cha mtu kilipolalia miaka kumi. Babu aliutazama ule mpini muda mrefu. Alijua. Nadhani alijua kabla hata Leland hajafungua kifuniko.

"Alikuwa anaweka mkono hapo kila tulipoingia kanisani, hata baada ya kuacha kazi," alisema babu.

"Hapohapo," alisema Leland. Sauti yake haikuwa na utani. "Alvin, mwili ninao mimi, lakini bila silinda yako hauwi kitu. Kamati nitawaambia hivyo."

"Utawaambia?"

"Wataandika majina mawili. La kwako mwanzo, ukitaka. Ni wewe uliyekuwa naye."

Babu alikohoa. Akachukua bisibisi ya Bibi Bernadine bila kuomba, akafungua skrubu ya ubavuni, akaitoa silinda pamoja na kile kipande cha chuma kinachoishikilia, akaiweka kiganjani mwa ndugu yake. Yule mama akaitoa silinda ya bastola ya Leland, akaifunga hii mahali pake, akaizungusha. Ilitoa mlio safi. Akachukua ile nyingine, ya 1938, akamnyooshea babu.

"Yako hii. Weka."

"Hapana," alisema babu.

"Hapana nini?"

"Nikiichukua hiyo, itakuwa tumebadilishana. Mimi sijabadilisha kitu. Nimemwazima Leland silinda yangu mpaka sherehe ziishe."

Bibi Bernadine alifunika uso kwa mikono. "Mzee, hiyo silinda si yako. Ni ya bastola yake. Na hii ni ya bastola yako. Nambari zake ni hizi, zitazame."

"Imekaa kwangu miaka hamsini."

"Mwache," alisema Leland, akaitia ile silinda nyingine mfukoni mwa koti. "Nitamtunzia. Na mimi sijabadilisha."

Nilimwomba yule mama dawa ya kichwa. Alikuwa nayo, tena kopo kubwa, akanigawia mbili na yeye akameza mbili.

Tulirudi Dunlow jua likiwa usoni. Babu amekaa wima, kisanduku magotini, na ndani yake bastola iliyosuguliwa kama sufuria yenye shimo katikati, haina bei kwa mtu yeyote duniani. Alikuwa akiimba.

"Babu," nilisema, "sherehe zikiisha itakuwaje?"

"Leland mwenyewe ataileta silinda yangu. Nimemwambia aje Jumamosi, apitie mlango wa jikoni."

"Mtabadilishana basi?"

"Tutazisafisha kwanza," alisema babu. "Wewe utanunua mafuta ya taa."

"Na mabakuli mawili," nilisema.

Akanitazama kama mtu asiyeelewa bakuli la pili litakuwa la kazi gani.