Vipipa Viwili Vilivyokataa Kuwa Siki

Naanza kwa jina la Mola ajuaye yaliyofichwa vifuani na yaliyofungwa mapipani. Sala na salamu zimfikie Mtume wake na jamaa zake. Namwomba anipe ulimi wa kukiri, kwa kuwa katika habari hii kosa moja ni langu.

Watu wake ni hawa. Bashir, mzaliwa wa Isiolo, mwenye duka la nguo na mafuta ya taa hapa Karungu. Kultum, mkewe, ambaye achari yake ya ndimu ilitafutwa hadi Homa Bay. Elkanah, Mjaluo wa Nyatike, aliyekuwa mtunza ghala wa mgodi wa Macalder, Msabato asiyeonja kileo. Nicanor, mwenye kilabu cha pombe. Nami, niliyewasomesha watoto Kurani katika chumba cha nyuma cha duka hilo.

Mwaka 1966, mgodi ulipofungwa, vyombo vya jikoni mwa wakubwa viliuzwa. Bashir alikuta vipipa viwili vya mti mgumu kando ya chupa za siki, akavihesabu kuwa siki pia. Alisogeza pua, ukali ukampanda, akaridhika. Mtu asiyewahi kunusa divai maishani atailinganisha na nini? Akamletea mkewe kama zawadi ya kutilia achari.

Kultum alikulia nyuma ya hoteli ya Wazungu, mahali mamake alipofua mashuka. Alichomoa kizibo, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hii ni divai."

"Labda ni siki changa."

"Siki haizaliwi leo ikaota meno kesho, baba. Itoe."

Bashir akaja kwangu. Nikafungua kitabu, nikamjibu kama nilivyosomeshwa: divai huuzi wala huweki, ila ikigeuka siki yenyewe, bila kutiwa kitu, imetoharika, na kuihamisha kutoka kivulini hadi juani hakudhuru. Sikumuuliza ni divai ya namna gani. Naye alishika nusu ya pili ya jawabu, ile iliyompendeza.

Kultum alifunga mzigo, akaenda Homa Bay kwa kakake Abdullah. Aliacha neno moja: hatavuka kizingiti maadamu vipipa vimo, na mwezi wa Ramadhani ukiandama vingalimo, ataomba talaka.

Tangu hapo Bashir hakutulia. Asubuhi alivitoa uani juani, jioni akavirudisha. Alivichomoa vizibo ili hewa iingie. Alinusa, akatema mate, akasuuza pua mara tatu, akarudi kunusa. Mteja akiomba yadi mbili za kitambaa, alimkatia tatu. Usiku alinigongea kuniuliza kama jua la Karungu ni dhaifu. Darasa langu nililihamishia barazani kwa jirani yetu Phelesia, kwani sikuweza kusomesha penye harufu ile. Rajabu ikaisha, Shaabani ikaingia, siki haikuja.

Aliyekuja ni Nicanor.

"Bwana Bashir, hii harufu imefika kilabuni ikanisalimu kwa jina. Niuzie."

"Si yangu kuiuza."

"Sasa ni ya nani? Ya jua?"

Zilipobaki siku tano Ramadhani iandame, Bashir alimwita Elkanah. Mzee yule alivizunguka vipipa, akavigonga, akapapasa jina lililochomwa kwa chuma cha moto: Carvoeiro na Wanawe.

"Nyumba hii ya divai ni kongwe kuliko reli yetu," akasema. "Ina maghala Ureno na Hispania. Babu huweka pipa, mjukuu hulifungua."

"Umeyajuaje, nawe hunywi?"

"Omera, ndugu yangu, nimetunza ghala miaka kumi na miwili. Mchunga nguruwe halazimiki kumla. Sisi wawili tunalijua hilo." Akaweka mkono juu ya kipipa cha kwanza. "Hii ni poti. Maji ya zabibu yakiwa yanachachuka, utamu ungalimo, humwagiwa pombe kali iliyokenekwa, na mchachuko hufa hapo hapo. Hii nyingine ni sheri. Yenyewe huachwa mpaka utamu uishe, ndipo hutiwa pombe hiyo kali. Halafu hukaa na hewa miaka mingi, ikawa ya kahawia, ikanukia njugu."

"Na siki?"

"Kinacholeta siki hakiishi ndani ya ukali huu."

"Nimeipa jua na hewa miezi mitatu!"

Elkanah alicheka mpaka akakiegemea kipipa. "Wenyewe nao huipa joto na hewa ikomae! Wewe umeinenepesha, Bashir. Nicanor hana wazimu."

"Itageuka lini?"

"Itakuzika wewe, halafu imzike mwanao."

Wote wawili wakanitazama. Nikasema neno lililonipasa tangu mwanzo: "Kitabu nilikijua, divai sikuijua. Nilikujibu juu ya kitu nisichokiulizia. Mwaga."

Asubuhi yake alichimba shimo mchangani, mbali na ziwa na mbali na kuku wa Phelesia. Nicanor alisimama kando, kofia mkononi kama aliye mazikoni.

"Mungu anaona," akasema.

"Ndiyo sababu namwaga."

Mapovu yakazama. Bashir akapasua vipipa kwa shoka, akaoga, na kesho yake akasafiri nami kwenda Homa Bay.

Kultum alimpokea akiwa amesimama mlangoni, mkono juu ya komeo.

"Umemwaga?"

"Jana."

"Miezi mitatu umekaa ukingoja vipipa vigeuke. Mimi ulinijia mara ngapi?"

Abdullah alikohoa, akaingia ndani. Bashir alitazama viatu vyake.

"Hata mara moja. Nilikuwa nachunga jua."

Kultum aliinama nyuma ya mlango, akatoa kikapu cha ndimu, akakiweka miguuni mwa mumewe.

"Beba. Achari yangu haijatiwa siki hata siku moja. Ndimu ina ukali wake. Ungeniuliza."

Akakibeba. Tuliuona mwezi wa Ramadhani tukiwa Karungu sote.

Bashir sasa yuko chini ya udongo wa Karungu, na Elkanah kwao Nyatike. Ee Mpaji usiyechoka kuombwa, walaze mahali pema. Nasi tuliobaki, Kultum na ndimu zake, Nicanor na kiu yake, na mimi na vitabu vyangu, tubariki kwa subira isiyokosea mlango, na ulimi usioona haya kuuliza. Amina.